Namba Isiyoitika

Samaki walipokufa, wa kwanza kulaumiwa alikuwa mlinzi, na jambo hilo halikumshangaza Inspekta Bernadetta Kashaija. Kwa muda wote aliofanya kazi ya upelelezi hapa Mwanza hakuwa ameona mali ya mtu ikipotea halafu mlinzi asiwe wa kwanza kulala mahabusu. Ubaya ni kwamba mara nyingine huwa ndiye kweli, kwa hiyo huwezi kumwachia kwa kumhurumia tu.

Asubuhi hiyo alikuwa amesimama juu ya kizimba cha samaki kwenye ghuba iliyoko nyuma ya Nyegezi, viatu mkononi, maana mbao zilikuwa zimelowa. Sato wafu walishaopolewa na kuzikwa. Harufu yao ndiyo iliyokuwa bado haijazikwa. Mwenye vizimba, Privatus, mtu wa Kagera kama yeye, alikuwa amempokea ufukweni kwa salamu ndefu ya Kihaya, akiamini damu ni nzito kuliko maji. Kashaija aliitikia kwa Kiswahili, na mazungumzo ya undugu yakaishia hapo.

Mtuhumiwa mwenyewe alikuwa kituoni. Aliitwa Machibya, kijana wa Misungwi, mtoto wa mwisho wa mama mjane. Kazi yake ilikuwa kulinda vizimba usiku na kulisha samaki jioni. Kesho yake asubuhi alitakiwa kusimama mbele ya hakimu kwa kosa la kuharibu mali kwa makusudi, na mkuu wa upelelezi alikuwa amemwambia Kashaija waziwazi kwamba ama alete jalada linaloeleweka au amfungulie kijana wa watu aende zake.

Kesi yote ilikuwa ndani ya kisanduku cha plastiki cha kijivu kilichofungwa kwenye nguzo ya kizimba, chini ya kipande cha sola. Kazi ya kisanduku hicho ilikuwa kupima hewa iliyomo majini. Hewa ikipungua kilituma ujumbe kwenye simu ya Privatus, naye akawaamsha watu waje kuwasha mashine za kupulizia hewa. Usiku wa Jumanne ziwa lilichafuka kama linavyochafuka mara mojamoja, maji ya chini yakaja juu, hewa ikapungua, na kisanduku hakikusema neno. Kulipokucha sato walikuwa wanaelea matumbo juu.

Privatus alikuwa na maelezo yake tayari, na aliyatoa kwa uhakika wa mtu aliyeyarudia mara nyingi. Ufunguo wa kisanduku alikuwa nao Machibya peke yake usiku ule. Machibya alichomoa laini ya simu iliyomo ndani, akaiweka kwenye simu yake ili afaidi bando kwa kuangalia mpira, kisha akarudisha laini nyingine iliyokufa. Ushahidi? Asubuhi ile Privatus aliichukua laini iliyomo, akaiweka kwenye simu yake mwenyewe, na simu ikakataa kushika mtandao. Halafu kijana alipoulizwa laini ile imesajiliwa kwa jina la nani, alinyamaza. Kunyamaza huko ndiko kulikomtia ndani.

Pamoja nao alikuwepo Odeta, fundi aliyekibuni kifaa, binti mwembamba wa Igogo ambaye hakuwa amelala vizuri tangu siku ile. Vizimba vya Privatus vilikuwa vya kwanza kukubali kifaa chake, tena kwa majaribio. Alikaa kwenye ubao, kompyuta magotini, akaunganisha waya.

Inspekta hakuwa fundi. Alichokuwa anakijua ni kuuliza swali moja na kulisubiri jibu lake kabla ya kuuliza la pili. Odeta akagundua upesi kwamba mashine nazo huhojiwa hivyohivyo.

"Tuanze na umeme," Kashaija alisema. "Kilizimwa, au hakikuzimwa?"

Kwa kuwa kifaa kilikuwa bado cha majaribio, Odeta alikuwa amekiamuru kiandike kwenye kumbukumbu yake kila kitu kinachokitokea, hata upuuzi. Mistari ikaanza kupita kwenye kioo cha kompyuta, naye akaifuata kwa kidole.

"Hakikuzimwa, afande. Kimeandika usiku kucha. Hapa hewa inashuka, kinatuma ujumbe, ujumbe unagoma. Kinasubiri kidogo, kinatuma tena. Hivyo mpaka alfajiri."

Privatus aliinama kuitazama ile mistari. Alikuwa ameamini kwamba kifaa kililala, na sasa aliona kwamba kilikuwa kinamwita usiku mzima.

Likafuata swali la antena. Odeta alikiri kwamba yeye mwenyewe alikuwa ameishuku antena tangu mwanzo, kwa sababu ndege wa ziwani wanapenda kutua juu ya nguzo ile na wana kucha. Waliikagua. Waya ulikuwa umekaza, hauna kutu wala jeraha. Akakiuliza kifaa kinausikia mnara kwa nguvu kiasi gani, kikajibu kwamba kinausikia vizuri sana, na kumbukumbu ikaonyesha kwamba hata usiku ule kilikuwa kinausikia vilevile.

"Sasa kama kinausikia mnara, kwa nini ujumbe hauendi?"

"Hilo nalo huwa nakiuliza," Odeta alisema, "nacho kinajibu kwa namba. Mbili maana yake bado natafuta, sioni mnara. Tatu maana yake mnara nauona, nimebisha hodi, nimekataliwa."

"Usiku ule kilijibu ngapi?"

"Tatu. Tangu kilipoanza kukosa mtandao mpaka asubuhi ni tatu tupu."

Kashaija alikaa juu ya pipa la chakula cha samaki. Mtu akitaka kukinyamazisha kifaa, alisema, atakata waya wa antena, na hapo kitajibu mbili. Au atachomoa laini. Je, laini ikichomolewa?

"Kinaandika hakuna laini. Usiku ule hakijaandika hivyo hata mara moja." Odeta akashusha mistari mbele kidogo. "Kimeandika Jumatano asubuhi, jua likiwa limeshatoka."

Wote wawili wakamtazama Privatus.

"Ni mimi," alisema Privatus. "Si nimesema niliitoa nikaijaribu?"

Basi mtu pekee aliyewahi kuchomoa laini ile alikuwa mlalamikaji. Kashaija hakucheka, maana hakulipwa kucheka, lakini aliliandika neno hilo mahali pake. Privatus hakukata tamaa. Alisema huenda laini ilibadilishwa kabla ya hapo, siku nyingine, kwa ujanja. Kashaija akavaa miwani, akaichukua ile kadi, akasoma kwa sauti namba ndefu iliyochapwa mgongoni mwake, tarakimu moja moja, huku Odeta akiilinganisha na ile ambayo kifaa kiliisoma siku ya kwanza kabisa kilipowashwa. Zilikuwa sawa mwanzo hadi mwisho. Laini iliyomo ilikuwa ileile iliyowekwa tangu awali.

Ikabaki hofu moja ya Odeta, na aliitaja mwenyewe bila kuulizwa, jambo ambalo Inspekta alilipenda. Bodi ya umeme iliyomo ndani ya kifaa chake ilitoka nje ya nchi. Huenda utambulisho wake haujulikani na umefungiwa, kama simu bandia zinavyofungiwa, na kama ni hivyo kosa lote ni lake yeye fundi. Aliyasema hayo akitazama maji.

"Hilo linajaribiwaje?"

"Tuweke laini nyingine, tunayojua ni nzima. Ikikubali, bodi haina tatizo."

Kashaija akatoa laini ya simu yake mwenyewe akampa. Odeta akaichomeka, akabadilisha jina la lango la kuingilia mtandaoni, kwa kuwa kila kampuni ya simu ina lake, akawasha upya. Taa ndogo ya kijani ilianza kupepesa harakaharaka. Walisubiri. Kisha ikapunguza mwendo, ikawa inapepesa taratibu, na simu ya Privatus ikalia mfukoni. Aliitoa akasoma. Ilikuwa taarifa kwamba hewa majini ni ya kutosha. Aliirudisha mfukoni polepole, akageuka kuangalia vizimba vyake vitupu.

"Mashine ni nzima," Odeta alisema kwa sauti ya chini, na machozi yakamlengalenga kwa nafuu aliyoipata.

"Na bando lingekuwa limeisha?"

"Kingeingia mtandaoni ila kisipate data, afande. Bando likiisha hakipewi namba tatu."

Basi umeme ulikuwa mzima, antena nzima, laini ni ileile na mashine inakubalika. Kilichokataliwa mlangoni kilikuwa laini yenyewe. Kashaija akalirudia swali ambalo Machibya alilinyamazia: laini hii ilisajiliwa kwa jina la nani?

Hapo ndipo Privatus na Odeta walipoanza kutazamana. Kusajili laini kwa jina la kampuni kulihitaji barua na kusubiri, na Privatus alikuwa na haraka. Akamwambia Machibya alete laini yoyote iliyosajiliwa. Machibya mwenyewe namba yake ya kitambulisho ilikuwa bado haijatoka, na bila namba hiyo na alama ya kidole hakuna laini. Hata hivyo alirudi kesho yake na laini inayofanya kazi. Odeta aliipokea, akaichomeka, na hakuna aliyeuliza ni kidole cha nani.

"Nirudishie mistari nyuma," Kashaija alisema. "Kabla ya hiyo tatu ya kwanza kifaa kiliandika nini?"

"Hewa, hewa, hewa. Halafu upuuzi."

"Upuuzi gani?"

Odeta akasogeza uso karibu na kioo. "Simu. Jumanne mchana kuna mtu alikipigia simu. Akapiga tena, na tena."

"Kilipokea?"

"Hakina mdomo wala sikio, afande. Kimeandika tu kwamba kinaitwa, na namba ya anayeita."

Privatus akaruka na hoja yake mpya. Si mnaona? Wezi walikuwa wanawasiliana. Kashaija akamuuliza wezi gani hao wanaowasiliana na sanduku, akainakili ile namba, akavaa viatu vyake.

Kituoni alivitoa vitu vya mtuhumiwa kwenye bahasha ya vidhibiti. Kulikuwa na ufunguo wa kisanduku, rozari ya plastiki na simu. Aliigeuzageuza simu ile kwa muda. Ilikuwa kitochi cha vitufe, kimefungwa raba bendi ili betri isidondoke. Kitochi hicho hakingeweza kuonyesha hata picha ya mpira, sembuse mpira wenyewe. Maelezo ya Privatus hayakuwa tena na pa kusimama.

Akabonyeza namba aliyotoka nayo ziwani, tarakimu baada ya tarakimu. Alipofika ya mwisho, kioo kidogo kikaandika jina: Mayu.

Kashaija hakukijua Kisukuma, lakini hakuna anayekaa Mwanza asijue kwamba mayu ni mama. Aliiweka simu mezani. Mama wa mtuhumiwa alikipigia simu kifaa, mara kadhaa, saa chache tu kabla kifaa hakijakataliwa na mtandao. Mpelelezi mwenye haraka angeweza kulifunga jalada hapohapo na kwenda kunywa chai. Mlinzi na mama yake wamekula njama, basi. Kashaija hakuona njama ya kupiga simu kwa kitu kisichopokea, ila hakuweza pia kuiruka namba ile kama vile hakuiona.

Aliagiza Machibya aletwe. Kijana aliingia akiwa peku, mrefu kuliko mlango, akasalimia shikamoo kwa adabu, akakaa alipoonyeshwa. Kashaija akamsogezea karatasi yenye namba.

"Hii namba ni ya nani?"

Machibya aliitazama, akairudisha karatasi kwa ncha za vidole.

"Mama yako alikipigia kifaa simu Jumanne mchana," Kashaija alisema. "Alikuwa anataka nini?"

"Mama hahusiki, afande."

"Sijasema anahusika. Nimeuliza alikuwa anataka nini."

Nje kulikuwa na mtu anabishana na koplo wa kaunta kuhusu pikipiki yake.

"Andika ni mimi," Machibya alisema.

"Wewe umefanya nini?"

"Nilitoa laini. Nikaangalia mpira."

"Kwenye simu hii?"

Alikitazama kitochi chake, akakiepuka. "Kwenye simu ya rafiki."

"Rafiki gani?"

"Simkumbuki, afande. Nikamaliza, nikairudisha."

Wahenga walisema njia ya mwongo ni fupi, na ya Machibya haikuwa imefika hata mlangoni. Kashaija alifunga kalamu yake.

"Sikiliza, Machibya. Laini haikutoka usiku ule. Aliyeitoa ni bosi wako, tena kulipokucha, na kifaa kimemwandika. Wewe unakiri jambo ambalo halikutokea. Mtu akikiri hivyo, ama amepigwa, ama kuna anayemficha. Kuna aliyekugusa humu?"

"Hakuna."

"Basi unamficha nani?"

Kijana aliinamisha kichwa mpaka kidevu kikagusa kifua. "Mama ana presha," alisema, na baada ya hapo hakusema kitu kingine, hata alipobembelezwa.

Kashaija alichukua gari la kituo akaendesha mwenyewe kuelekea kusini. Alipofika Misungwi jua lilikuwa limepita utosini. Aliuliza njia kwa watu wawili watatu, wote wakamjua mama anayemtafuta na wote wakamsifia. Mama Evelina alikuwa nyuma ya nyumba yake, anageuza mpunga alioanika kwenye turubai, huku akiwafukuza kuku kwa maneno makali ambayo kuku walishayazoea. Kashaija akamwamkia kwa salamu pekee ya Kisukuma aliyoijua.

"Mwangaluka, mayu."

Mama alicheka mpaka akashika kiuno, akamweleza kwamba hiyo ni salamu ya asubuhi, lakini akaipokea kwa furaha na kumletea kigoda. Kashaija aliongeza shikamoo ili asipungukiwe na adabu. Kisha akasema ametoka polisi, Mwanza, na amekuja kuuliza kuhusu laini ya simu.

"Ile ya matapeli?" mama aliuliza, na uso wake ukanyooka kwa fahari. "Nilijua mtakuja. Nilimwambia yule wa laini, hawa watu wakifuatiliwa mimi nitakuwa shahidi."

Kashaija alikuwa ametayarisha maswali mengi njiani. Aliyaacha yote, akamwomba mama asimulie mwenyewe.

Habari yenyewe ilianzia kigangoni. Jumapili iliyopita, baada ya ibada, katekista alitangaza kwamba kila mtu akahakiki laini zilizosajiliwa kwa kitambulisho chake, maana matapeli wanatumia majina ya watu. Tangazo hilo halikuwa mchezo. Jirani yake, Selina, alikuwa ameitwa polisi kwa ajili ya laini asiyoijua, iliyotumika kuwaibia watu kwa ujumbe wa uongo. Sasa Evelina alikuwa na sababu ya kuogopa kuliko wengine. Kitambulisho chake kilitoka mapema, cha kwanza katika ukoo mzima, na tangu hapo kidole chake kilikuwa kimesajili laini za watoto, za wakwe, hata ya shemeji wa huko Igogo. Mwenye shida ya laini alikuja na kuku au na heshima tu, na mama alinyoosha kidole. Ndivyo walivyoishi, na hakuna aliyeona kosa.

Jumanne akaenda kwa wakala anayekaa chini ya mwavuli karibu na stendi. Wakala akaangalia, akamsomea namba zilizo chini ya jina lake. Nani anajua namba za watoto wake kwa kichwa? Mama akatumia njia yake. Alichukua simu yake, wakala akawa anamwandikia, na kila namba akaipigia. Akiitika mtu, anamsalimia, anauliza habari za wajukuu, namba hiyo inabaki. Wote waliitika, hata yule mkwe mvivu wa kupokea simu.

"Moja tu haikuitika," mama alisema. "Nikasema labda amelala. Nikapiga tena. Nikapiga tena. Inaita tu. Sasa mtu wa kwangu, mimi nikimpigia, ataacha kuniitika? Kwetu mtu huitwa akaitika. Asiyeitika huyo si wangu."

"Hukumuuliza yeyote?"

"Nilimuuliza Machibya, ndiye mwanangu wa mwisho, maana huyo hupenda kuja na mambo ya laini. Nikampigia nikamwamsha, si unajua mlinzi analala mchana. Nikamwambia, wewe una namba nyingine? Akasema sina, mayu, ninayo hii tu. Basi nikamwambia wakala, ile nyingine ifunge. Nikaweka kidole. Akasema mpaka jioni itakuwa imekufa."

Alisema hivyo akijipangusa mikono, kama mtu aliyemaliza kazi nzuri. Kuku wawili walikuwa wamerudi kwenye turubai na hakuwafukuza, kwa sababu alikuwa anasubiri kusikia kama matapeli wamekamatwa.

Kashaija alikuwa amewapa watu habari mbaya za kila aina, za ajali, za maiti, na hakuwahi kuona ugumu aliouona hapo kwenye kigoda. Alimwambia bila kuzunguka. Ile namba haikuwa ya tapeli. Ilikuwa ya mashine iliyoko ziwani, inayochunga samaki, na Machibya ndiye aliyekuja kuomba kidole kwa ajili yake.

Mama alikunja uso akikumbuka. "Alisema ni ya kazini," alisema taratibu. "Mwaka jana, wakati wa kupalilia. Alisema mayu, ni ya kazini." Akamgeukia Kashaija. "Sasa mashine ingeniitikaje?"

"Isingeweza, mama."

"Samaki?"

"Walikufa wote. Mashine ilikuwa inaita usiku mzima, mtandao ukaikataa."

"Na mwanangu?"

"Yuko kituoni kwangu. Wanasema ni yeye aliyeitoa laini. Nadhani aliposikia laini imekufa alikumbuka ulivyomuuliza, akaelewa ni nani aliyeifunga. Amekataa kutaja jina lako. Leo amekubali kosa ambalo hakulifanya, ili tusije huku."

Mama Evelina hakulia. Alisimama, akaingia ndani, akatoka amejifunga khanga nyingine, akafunga mlango kwa kufuli. Kashaija alimuuliza kuhusu mpunga. Mama alisema kuku nao ni wa kwake, waule tu. Akatangulia kwenda kwenye gari.

Njiani alisema jambo moja pekee, walipokuwa wamepita Usagara. Alisema mtoto yule tangu utotoni alikuwa anapigwa kwa makosa ya kaka zake na hasemi.

Jioni, kwenye chumba cha mahojiano, Kashaija aliandika maelezo kwa mkono, polepole, kila neno kama lilivyotamkwa. Kisha akamsomea mama yote, na hakumficha kitu. Alimwambia kwamba karatasi hiyo itaonyesha kifaa hakikuguswa na mtu usiku ule, na kwamba mnara uliikataa laini kwa sababu ilifungwa kihalali na aliyeisajili. Kwa hiyo hakimu hatakuwa na kosa la kumsomea Machibya kesho. Lakini karatasi hiyohiyo itaonyesha kwamba laini ilikuwa kwa jina lake na ikitumiwa na watu wengine, na sheria hairuhusu. Yeye Kashaija ataandika pia kwamba Privatus ndiye aliyemtuma mfanyakazi wake atafute laini ya mtu yeyote, na kwamba mama hakuwa na nia mbaya. Wanasheria watalionaje, hilo hakuweza kuahidi. Ana haki ya kukataa kuweka sahihi, na ana haki ya kumtafuta wakili kwanza.

Mama alisikiliza akiwa ameweka mikono magotini.

"Soma tena pale pa Machibya," alisema.

Kashaija akasoma tena pale pa Machibya.

Kwa kuwa mama hakujua kuandika, koplo alileta kidau cha wino. Mama akanyoosha dole gumba bila kuelekezwa, kwa mazoea, akaligusisha kwenye wino. Halafu akalisimamisha hewani juu ya karatasi akilitazama.

"Jumanne kidole hiki kilifunga," alisema. "Cha leo kinafungua, au nacho kinafunga?"

"Kinamfungua Machibya," Kashaija alisema. "Kwako wewe sijui bado, mama."

"Basi hilo linatosha. Nionyeshe mahali."

Akaonyeshwa. Alikandamiza kwa nguvu zake zote, mkono wa pili juu ya wa kwanza, mpaka wino ukasambaa na alama ikavurugika, na ikabidi warudie.